Masizi Kwenye Bunduki ya Kitambaa

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na mpwa wangu, na naomba barua hii iwakute wazima. Mgongo wako vipi? Na ile cherehani uliyohama nayo, imeacha kukata nyuzi au bado unaitukana kila asubuhi? Najua unaitukana. Mimi mwenyewe ulinilea kwa matusi na makofi baada ya mama kufariki, na bado nilikula nikashiba kila siku, kwa hiyo silalamiki.

Huku sijambo, kwa maana ya kwamba napumua. Usiogope mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinayumba kama mlevi anayetafuta choo. Mkono wa kulia umefungwa plasta tangu Jumatatu, vifupa viwili vya ngumi vimevunjika. Najua maneno yatakufikia, na watu wataongeza chumvi, basi sikia kwangu mimi mwenyewe: nimemvunja Domo taya.

Domo unamkumbuka, yule mlinzi wa geti anayecheka kabla hajamaliza kusema. Jumatatu mchana tulikuwa kwenye foleni ya chakula. Alipewa sahani yenye weusi ukingoni, akaiinua juu watu wote waione, akasema sahani hii ina masizi kama bunduki ya Kitambaa. Watu wakacheka. Sikumbuki niliweka wapi sahani yangu. Nakumbuka jino lake moja liligonga bati la ukuta kama punje ya mahindi. Alianguka, nikamkalia kifuani, nikaendelea kumpiga hata aliponyamaza, hata niliposikia mkono wangu mwenyewe umelia kwa ndani. Walinitoa juu yake watu wanne. Damu yake ilinilowesha hadi kwenye viwiko, na mpishi akamwaga maji ya sabuni pale sakafuni kana kwamba kuna chai iliyomwagika.

Jioni ile wenzangu walinipiga piga mgongoni. Walisema huyu ndiye shemeji wa kweli, amemkingia kifua marehemu. Dada, kila aliyenigusa bega nilitamani kumtapikia. Sababu yake utaijua kabla barua haijaisha, ila nivumilie, maana nikiianza kwa haraka nitakimbia katikati, unanijua.

Mengine unayajua, lakini lazima niyapange upya. Mumeo tulimwita Kitambaa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kile kitambaa cha kijani kwenye mfuko wa shati. Alifuta kiti kabla ya kukalia. Alifuta kijiko cha watu. Siku anakuja kukuposa alifuta viatu vyangu mimi, na mimi nimevivaa, nikasema moyoni huyu bwana ana wazimu lakini dada atapata mtu wa kumsaidia usafi. Bunduki yake ndiyo usiseme. Kila wakirudi kusindikiza malori ya mafuta, wenzake walikwenda kuoga, yeye alikaa kwenye ngazi ya ghala langu la silaha, akaifungua na kuifuta, akaniomba tone la mafuta, halafu akanirudishia chupa na kunishukuru kama nimempa ng'ombe. Kazi hii ya ufundi ni yeye aliyenitafutia. Alikwenda kwa mkuu mara tatu, akasema shemeji yangu ana mikono mizuri.

Miezi saba iliyopita malori manne yalikutana na gogo barabarani, saa nne asubuhi, jua limewaka. Dereva wa lori la mbele akafunga breki, na majambazi wakaanza kupiga kutoka pande zote mbili. Msaidizi wake alipigwa risasi ya shingo akiwa bado ameshika chupa ya maji. Walinzi wawili wa lori la nyuma walikufa kabla hawajafungua mlango. Kitambaa aliruka chini, akalala nyuma ya tairi, akaanza kujibu. Kwa sababu yake madereva watatu walipata nafasi ya kutambaa hadi mtaroni, wakakimbia. Yeye walimfikia kwa mapanga. Ulimwona mochwari, sina haja ya kukusimulia mapanga yalifanya nini.

Mochwari uliniuliza swali moja. Ulikuwa hulii. Ulishika mkono wake wa kushoto, ukaugeuza, ukaniuliza kwa nini kiganja kimechunika hivi na vidole viwili havina ngozi, wakati majeraha mengine yote ni ya mapanga. Nikakujibu kwamba huenda alianguka kwenye kokoto. Ulinitazama kidogo, ukaufunika mkono. Swali lile limekaa nami miezi saba, linakula na mimi, linalala na mimi.

Halafu likaja baraza la uchunguzi. Bunduki ya Kitambaa iliwekwa juu ya meza, ndani yake ganda la risasi iliyokwisha kupigwa, limekwama, halikutoka. Walipoifungua, masizi yalikuwa kila mahali, mtambo mweusi, mbao za mbele nyeusi, hata kidole cha karani kilichogusa kikawa cheusi. Mkuu aliuliza fundi anasemaje. Fundi ni mimi. Nilisimama, nikasema bunduki ilikwama kwa sababu ya masizi, na masizi ni ya mtu asiyefanya usafi. Karani akaandika: uzembe wa marehemu. Ndivyo jina lake lilivyoachwa nje ya ubao wa mashujaa pale getini, wakaandikwa wale wawili waliokufa bila kufyatua hata risasi moja. Ndivyo ulivyopewa wiki mbili kuondoka kwenye nyumba ya kikosi.

Unakumbuka ulivyofanya siku ile. Ulimrukia mkuu mezani, ukamkwaruza uso kutoka jicho hadi kidevu, askari wakakuburuta mpaka nje, kiatu kimoja kikabaki ndani. Ulipiga kelele kwamba mumeo hakuwahi kulala na kijiko kichafu ndani ya nyumba, seuze bunduki. Mimi nilikuwa nimekaa. Nilikiokota kiatu chako nikakuletea nje, na wewe ukanishika shingoni ukalia, ukaniambia asante mdogo wangu, angalau wewe ulisema kwa uchungu. Ole wangu.

Sasa naomba nikueleze jambo la kazi yangu. Bunduki zetu zile hujipakia zenyewe. Ukivuta kidole mara moja, risasi inatoka, na sehemu ndogo ya moshi wake inapita kwenye tundu lililo juu ya mtutu na kusukuma pistoni, chuma chembamba kama kalamu. Pistoni inarudisha mtambo nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda. Kwa hiyo mpigaji kazi yake ni kuvuta kidole tu. Moshi ule huacha masizi, hakuna bunduki isiyokuwa nayo, kama ambavyo hakuna sufuria ya kuni yenye tako jeupe. Pistoni nayo hulika kidogo kidogo kwa miaka mingi, na hilo nalo ni la kawaida. Kuna kipete mbele unakikaza kidogo, moshi usipotee, maisha yanaendelea. Masizi tunayafuta kwa kitambaa chenye mafuta. Yakigoma tunayaacha. Siku ya kwanza ya mafunzo tuliambiwa pistoni haiguswi na msasa, na aliyesema alirudia mara tatu kama mtu anayeongea na viziwi.

Sasa mwaka juzi mkaguzi alikuja kutoka makao makuu na pamba nyeupe mfukoni. Aliipitisha kwenye bunduki moja, kwenye pistoni, pamba ikatoka nyeusi. Hata ungeipitisha kwenye bunduki ya malaika ingetoka nyeusi. Nilijaribu kumweleza mkuu. Mkuu alinizaba kofi mbele ya gwaride zima, la kwanza kofia ikaanguka, la pili nikaanguka mimi, halafu akaisokomeza ile pamba mdomoni mwangu na kuniamuru nisimame nayo mpaka watu waruhusiwe kutawanyika. Kikosi kizima kilinitazama nikitafuna masizi. Domo alicheka wiki nzima. Hili sikukuambia, niliona aibu. Kitambaa aliliona na hakukuambia pia, na kesho yake aliniletea chai ghalani, akakaa na mimi mpaka ikapoa.

Mwaka jana tuliambiwa mkaguzi anarudi. Dada, nilijiapiza kwamba safari hii pamba itatoka nyeupe hata kwa dawa. Nikazifungua bunduki zote thelathini, nikatoa pistoni thelathini, moja moja nikaibana kwenye mashine ya kutoboa, nikaiwasha, ikazunguka, nikaishika na msasa mpaka ikang'aa kama kijiko cha harusi. Nilifanya kazi siku tatu. Masizi yaliisha. Na chuma nacho kilikuwa kinaisha, nilikiona, unga wa fedha ulinijaa kwenye kucha. Nilijua ninachofanya. Nilisema ni kidogo tu, nani atajua.

Mkaguzi alipitisha pamba yake ikatoka nyeupe. Mkuu alinipa mkono. Aliyenizaba makofi alinipa mkono mbele ya gwaride, na mimi nikavimba kichwa kama chapati iliyosahauliwa kwenye mafuta.

Unajua pampu ya baiskeli iliyolika ngozi ndani? Unasukuma mpaka unatoa jasho, hewa inatorokea ubavuni, tairi halijai. Ndicho nilichozifanyia bunduki za watu. Zile zilizokuwa mpya mpya zilivumilia. Ya Kitambaa ilikuwa kuukuu, pistoni yake ilikuwa imekwisha kulika kawaida yake, na mimi nikamalizia kilichobaki. Moshi ukawa unapita pembeni badala ya kusukuma. Na moshi unaopita pembeni, dada, unapaka masizi kila mahali, kwenye mtambo, kwenye mbao za mbele, kila mahali. Masizi yale ya mezani hayakuwa uchafu wa mumeo. Yalikuwa yananitaja mimi, na mle ndani hakukuwa na mwingine anayejua kuyasoma.

Ngoja, sijamaliza, na hili ndilo baya zaidi. Siku tisa kabla ya kufa, Kitambaa alikuja ghalani. Walikuwa wamejaribu bunduki uwanjani. Aliniambia kwa upole wake ule kwamba bunduki haitupi maganda kama zamani, yanadondoka hapa hapa miguuni, na mara mbili ganda halikutoka kabisa. Akaniomba niifungue tuangalie pamoja. Nikajua papo hapo. Haki ya Mungu nilijua kabla hajamaliza sentensi. Kama ningeifungua mbele yake angeona pistoni ilivyopwaya, angeuliza, na mimi nilikuwa na wiki mbili tu tangu nipewe mkono. Nikamcheka. Nikamwambia Kitambaa mzima leo anashindwa kufuta bunduki, umri umekupiga, hayo ni masizi yako tu, nenda kasugue vizuri. Akaona haya. Aliomba radhi, dada. Alikaa kwenye ngazi akaifuta mpaka jua likazama, na mimi nikatia saini kwenye kitabu kwamba imekaguliwa na ni nzima.

Baada ya msiba nilibadilisha pistoni za bunduki zote zilizobaki, nikatia mpya kutoka akiba, nikisingizia matengenezo ya kawaida. Zile ishirini na tisa nilizificha kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda changu. Ya thelathini iko ndani ya bunduki yake, kwenye kabati la vielelezo, chini ya lakiri. Kisha nikaja kukusaidia kubeba magodoro siku unahama.

Jumamosi iliyopita dereva wa lori la mbele alinifuata. Ndiyo kwanza ameanza kutembea bila gongo. Barazani hakuitwa. Aliniambia yeye hakukimbia na wenzake, mguu ulikuwa na risasi, alijilaza kwenye majani hatua chache kutoka pale, akaona yote. Alisema bunduki ya Kitambaa ilipiga mara moja ikanyamaza. Kitambaa akavuta kishikio cha pembeni kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zake zote, ganda likatoka, akapiga tena, ikanyamaza tena. Akavuta tena. Kishikio kile ni chuma chenye meno, na chuma kilikuwa kimepata moto. Dereva alihesabu mara kumi na moja. Kila risasi aliivutia kwa nyama ya mkono wake, na wale watu walipogundua kwamba kila baada ya mlio mmoja ana kazi ya kufanya, wakaanza kusogea katika ile nafasi, hatua tatu kila mara, wakicheka. Bado alimwangusha mmoja wao na kumtoboa mwingine tumbo.

Hilo ndilo jibu la swali lako la mochwari. Hakuanguka kwenye kokoto.

Halafu dereva akasema kitu ambacho yeye hakukielewa, akaniuliza mimi fundi nimweleze. Alisema mwishoni, risasi zinapasua tairi juu ya kichwa chake na wale wa mapanga wako karibu kuliko kitanda kilivyo na mlango chumbani, Kitambaa aliitazama bunduki, akachomoa kitambaa mfukoni, akaanza kuifuta. Aliifuta haraka haraka huku midomo inacheza, kama mtu anayejikemea. Walimkuta anafuta.

Dada, alikufa akiamini nilichomwambia. Alikufa akidhani ni uchafu wake.

Siku mbili baadaye Domo akasema alichosema. Nimempiga mtu hadi karibu nimuue kwa maneno niliyoyatunga mimi. Yeye alirudia tu. Nilipokuwa nimemkalia pale sakafuni sikuiona sura yake, niliiona yangu, ndiyo maana sikuweza kuacha.

Alhamisi saa tatu asubuhi nimeitwa mbele ya baraza kwa kosa la Domo. Watu ni wale wale, meza ni ile ile. Nitakwenda na kopo. Nitazimwaga pistoni zote ishirini na tisa mezani, nitawaomba wapime kila moja, halafu wavunje lakiri, wafungue bunduki ya mumeo, wapime na ile. Chuma hakina shemeji, hakitamkingia mtu kifua. Nitawaonyesha na saini yangu kitabuni. Dereva ameahidi kuja, na nakala ya barua hii nimempa yeye, ili hata nikipatwa na woga mlangoni, wa kusema awepo. Jina la Kitambaa litaandikwa getini, na ile hukumu ya uzembe itafutwa au ihamie kwa mwenyewe. Mimi watanifunga, na ni haki. Usije kuniona. Au njoo, unikwaruze kama ulivyomkwaruza mkuu, nitasimama wima.

Sikuombi msamaha. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara nne kwa mkono huu wa kushoto na kila mara imekaa kama uongo.

Mpwa wangu mpe salamu zangu kwa namna utakayoona inafaa. Uliniambia aliacha shule wiki nzima kwa sababu watoto wanamwambia baba yake aliuawa na uchafu. Arudi kesho, na akiulizwa, ajibu kwamba baba yake alikuwa mtu safi kuliko wote kikosini, na aliyeichafua bunduki ni mjomba wake, na mjomba mwenyewe amesema. Wasalimie pia majirani waliokupokea, na mgongo usiuchoshe kwa kushona hadi jioni.

Ndani ya bahasha kuna kile kitambaa cha kijani. Dereva alikiokota barabarani siku ile akakaa nacho. Kina damu, hiyo ni ya mumeo. Kina masizi pia, na hayo ni yangu, kwa hiyo usihangaike kuyafua.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Fundi.